Msinitumie tena pesa ya miche



Wiki hii nimepigiwa simu na watu wa kampeni moja ya "kampasi ya kijani". Sitawataja, na chuo chao pia sitakitaja, kwa sababu nikitaja kimoja vingine vitakaa pembeni vikicheka na ilhali wote tuko shimo moja. Wanataka kupanda miche 5,000 chuoni mvua ya Machi ikianza. Wanataka nitengeneze video, niweke namba ya kuchangia, niwaambie nyinyi mtume chochote mlicho nacho, hata shilingi kumi.

Nikawauliza swali moja tu: "Na pesa ya maji ni ngapi?"

Jamaa akanyamaza kidogo. Halafu akasema, "Buda, si mvua inakuja?"

Nimekataa. Na kwa kuwa tayari nasikia watu wakisema nimeanza kuringa, wacha nieleze kwa nini nimekataa, na kwa nini naona nyinyi pia mnafaa kukataa mpaka mjibiwe hilo swali.

Lakini kabla ya kumnyooshea mtu kidole, nianze na mimi.

Tarehe 13 Novemba 2023 ilikuwa sikukuu ya kitaifa ya kupanda miti. Mnaikumbuka. Serikali ilikuwa imeweka lengo la miti bilioni 15 kufikia 2032, na siku hiyo Kenya nzima iliambiwa ishike jembe. Mimi nilishika simu. Wiki tatu kabla ya hapo nilikuwa nimewaomba mchango kwa ajili ya chuo fulani hapa Turkana, na mkanitumia. Shilingi 50, shilingi 100, mwingine 1,000. Jumla ikafika 38,500. Nilijiona msee wa maana sana.

Hesabu yake ni hii hapa, kwa sababu sikuwahi kuwapa. Miche 300, shilingi 50 kila mmoja: 15,000. Kuisafirisha kutoka Kitale: 9,000. Fulana za kijani za wapandaji: 8,500. Bango: 2,500. Soda na maji ya kunywa: 3,500. Ukijumlisha unapata 38,500 kamili.

Pesa ya kumwagilia miche: sufuri. Pesa ya ua wa kuzuia mbuzi: sufuri. Pesa ya mtu wa kuitunza: sufuri.

Tulinunua maji ya kunywa sisi, hatukununua maji ya miche.

Video ilienda mbali. Mwezi huo mvua ya El Niño ilikuwa inanyesha, ardhi ilikuwa imelowa, na kufikia Krismasi miche ilikuwa imesimama vizuri nikaposti picha nyingine. Halafu ikaja Januari. Wale mnaoishi huku mnajua Januari na Februari zilivyo. Niliporudi Machi 2024 nilihesabu mmoja mmoja. Kati ya 300, hai ilikuwa 11.

Kumi na moja.

Na ile 11 haikuwa imetawanyika kote. Ilikuwa yote ni mwarobaini, na yote ilikuwa nyuma ya jikoni, pale mpishi anapomwaga maji ya kuoshea sufuria. Mgrevilea haukubaki hata mmoja. Na kwa nini ubaki? Mgrevilea ni mti tunaouona ukistawi Kitale, mahali panapopata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Lodwar inapata karibu 200. Tuliununua kwa sababu ndio uliokuwepo kwenye kitalu siku ile, na kwa sababu unaonekana vizuri kwenye picha.

Nilimkuta mzee anayetunza uwanja. Nikamuuliza, kwa adabu, "Mzee, mbona haikumwagiliwa?"

Akaniangalia vile wazee huangalia mtu. "Kijana wangu, huu mfereji unatoa maji siku mbili kwa wiki. Siku hizo mbili wanafunzi wamepiga foleni na ndoo. Sasa nimnyime mtoto wa watu maji nipatie mti? Nyinyi mlikuja na bango. Hamkuja na jerikeni."

Sikuwa na jibu. Nimekaa na hayo maneno mpaka leo.

Kuna kitu kingine kilichoniuma zaidi. Kijana mmoja wa Kakuma 2 alikuwa amenitumia shilingi 20, na baada yake ujumbe: panda wangu karibu na lango. Kambini shilingi 20 si pesa ya kuchezea. Tangu 2025 mgao wa chakula ulipokatwa mpaka watu wakaandamana, ni pesa ya kuchezea hata kidogo zaidi. Nilipanda wake karibu na lango, nikampigia picha, nikamtumia. Kufikia Machi pale palikuwa na shimo tu na plastiki nyeusi. Sikumwambia. Namwambia sasa.

Kwa hivyo nikiongea kuhusu michango ya mazingira vyuoni siongei kama mtu aliyekaa juu ya mti. Naongea kama mtu aliyekula soda ya ule mradi.

Sasa tufanye hesabu ambayo nilifaa kuifanya kabla ya kuwaomba shilingi yenu.

Tuseme mche mmoja unapewa lita 5 mara mbili kwa wiki. Kwa jua la Lodwar hiyo ni kidogo, lakini twende nayo. Hiyo ni lita 10 kwa wiki, lita 520 kwa mwaka, yaani jerikeni 26 za lita 20. Tuseme mwenye mkokoteni anakuuzia jerikeni kwa shilingi 20. Mche ulionunuliwa kwa shilingi 50 unahitaji maji ya shilingi 520 mwaka wa kwanza pekee. Maji ni mara kumi ya bei ya mche.

Kwa miche yangu 300, ni jerikeni 7,800 kwa mwaka, shilingi 156,000. Mimi nilichanga 38,500 nikadhani nimemaliza kazi. Sikuwa nimeianza.

Sasa chukua hiyo 5,000 ya hawa jamaa. Ni lita 50,000 kila wiki. Lori la maji la lita 10,000 lije chuoni mara tano kwa wiki, kila wiki, mwaka mzima. Kwenye mji ambao mwanafunzi anaweza kulala bila kuoga. Huo mradi haujawahi kuwa wa miti 5,000. Ni wa picha za miti 5,000.

Na ningewaomba pesa ya miche 30 badala ya 300? Miche 1,500, maji ya mwaka 15,600. Jumla 17,100. Zingebaki zaidi ya shilingi 21,000 za ua na za kumpa yule mzee kitu kila mwezi. Leo labda tungekuwa na miti 25 inayotoa kivuli. Lakini nani angeshea video ya miche 30?

Hapo ndipo ugonjwa ulipo, na si wa vyuo peke yake. Mchango unapenda kitu cha kuhesabika siku ya kwanza. Mche unahesabika, jengo linahesabika, fulana inahesabika. Maji ya Februari hayapigiwi picha. Mshahara wa mzee wa uwanja haukatiwi utepe.

Turkana tunajua hii hadithi kuliko mtu yeyote. Toka Lodwar uende ziwani, ufike Kalokol. Pale kuna kiwanda cha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norway, kikakamilika mapema miaka ya 1980. Kilikuwa cha kugandisha samaki wauzwe mbali. Kilifanya kazi siku chache tu. Umeme na maji safi ya kukiendesha vilikuwa ghali kuliko samaki wenyewe, na miaka haikuwa mingi Ghuba ya Ferguson, pale samaki walipokuwa wakivuliwa, ikakauka. Pesa ya kujenga ilipatikana. Pesa ya kuendesha haikuwa imefikiriwa. Jengo lenyewe halikuwa na kosa, kama vile mche wangu haukuwa na kosa.

Kuna mtu ataniambia, "Basi pandeni kitu kisichokufa." Hilo pia lilishafanywa. Linaitwa mathenge, na sisi tunaliita etirae. Mapema miaka ya 1980 serikali, pamoja na mashirika kama FAO, iliusambaza kule Baringo kwa nia nzuri kabisa: kuni, kivuli, kuzuia jangwa. Huku kwetu pia uliletwa kwa sababu hizo hizo. Kweli haukufa. Ulimeza malisho, ukaziba njia za mifugo, na mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo wakaipeleka serikali mahakamani. Wakaleta na mbuzi asiye na meno, wajionee wenyewe yale maganda matamu yamefanya nini. Leo tembea kando ya Turkwel hapa Lodwar, au kando ya laga ya Tarach pale Kakuma, uone ni nani mwenye shamba. Kwa hivyo "mti wowote ni bora kuliko hakuna mti" si kweli. Tuna ushahidi, na ushahidi wenyewe una miiba.

Sasa sikilizeni upande wa pili, maana si kwamba haiwezekani.

Wangari Maathai alianza Green Belt Movement mwaka 1977. Kufikia wakati anapewa Nobel mwaka 2004, akina mama walikuwa wamepanda miti kama milioni 30. Kila mtu anakumbuka hiyo milioni 30. Wachache wanakumbuka jinsi pesa ilivyokuwa ikitembea: vikundi vya akina mama vililipwa senti kidogo kwa kila mche uliokuwa bado hai baada ya miezi kadhaa. Haukulipwa kwa kuchimba shimo na kupiga picha. Ulilipwa kwa mti kuwa hai. Hiyo ni kanuni rahisi ambayo mtu yeyote anaelewa, na sijaona kampeni ya chuo inayoifuata.

Na kabla ya Wangari, wazee wetu. Wanafunzi wa mazingira mnafundishwa mambo ya Ulaya na Marekani, lakini ni wangapi mmefundishwa ekwar? Kando ya Turkwel familia zilikuwa na sehemu zao za msitu wa mto. Sehemu yako ndiyo ekwar yako. Ewoi iliyo hapo ni ya familia yako, maganda yake, ngitit, ni chakula cha mbuzi wako wakati wa kiangazi, na mtu hakati bila ruhusa. Hakukuwa na bango wala mfadhili. Kulikuwa na mtu anayejulikana, na mti unaojulikana, na hasara inayojulikana mti ukifa. Mche wangu wa pale langoni ulikuwa wa nani? Wa chuo? Wa mfadhili? Wangu? Ulikuwa wa kila mtu siku ya kupiga picha, na siku ya kiu haukuwa na mwenyewe.

Kitu kingine: ukitembea kwenye kiwanja chochote kikubwa hapa Lodwar baada ya mvua, utaona vichipukizi vya ewoi vimejiotea. Mbuzi alikula ngitit, akaacha mbegu na mbolea papo hapo. Hakuna aliyenunua. Mizizi yake tayari inaitafuta chini. Kinachokiua hicho kichipukizi ni mbuzi yule yule akirudi, au mfanyakazi aliyeambiwa asafishe uwanja. Kukizungushia matawi ya miiba ni kazi ya nusu saa. Lakini kampeni inakuja, inakifyeka kichipukizi cha ewoi ili uwanja uonekane safi, halafu inapanda mgrevilea wa Kitale mahali pale pale. Nimeiona kwa macho yangu. Nilikuwa nimeishika kamera.

Na nendeni Kakuma mkajifunze, nyinyi wenye digrii. Ingia ndani ya maboma ya Kakuma 1, yale ya zamani, kambi ikiwa ipo tangu 1992. Utakuta mwarobaini mkubwa katikati ya boma na familia nzima imekaa chini yake. Nilimuuliza mama mmoja aliukuzaje. Akacheka. "Mwanangu, kila mtoto akioga, anaogea kwenye mti." Basi. Maji ya mgao, yakatumika mara mbili. Hakuna mkutano uliofanywa.

Hosteli ya chuo ina wanafunzi mamia. Wanaoga, wanafua, jikoni wanaosha sufuria. Hayo maji yanaenda wapi? Mimi nimeona yakienda kwenye mtaro, yanakaa hapo, yanafuga mbu. Ile miche 11 yangu iliponea kwenye maji hayo hayo, bila mtu kupanga. Mfadhili akiniuliza anunue nini, jibu langu ni bomba na shimo la kuchuja mchanga na mafuta, na miti ipandwe pale bomba linapoishia. Idadi ya miti iamuliwe na maji yaliyopo, isiamuliwe na bango.

Najua mtakachosema.

"Unavunja watu moyo." Hapana. Kilichovunja watu moyo ni kuona mashimo 289 ya plastiki nyeusi. Mwanafunzi aliyepanda mwaka wa kwanza, akaona ukifa mwaka wa pili, ukimwita mwaka wa tatu haji. Na ana haki.

"Hata ikipona 11, si ni afadhali?" Hebu gawanya. Shilingi 38,500 kwa miti 11 ni shilingi 3,500 kila mti. Ningeweza kumlipa mpishi amwage maji kwa mpango na tungepata zaidi.

"Wafadhili hawalipi mishahara wala maji, wanalipa miradi." Ninajua. Basi tuwaambie hapana. Mpaka lini tutapokea kitu kwa sababu tu ni cha bure? Mwaka 2013 tulitangaziwa maji ya Lotikipi, UNESCO na serikali wakisimama pamoja, dunia nzima ikaandika kwamba Turkana imepata bahari chini ya mchanga. Baadaye vipimo vikaonyesha yana chumvi nyingi. Tulishangilia tangazo, na mama bado anachimba kwenye laga kwa kikombe. Mtu aliyepitia hayo anafaa kuwa mgumu kidogo kwenye meza ya mfadhili.

"Wewe unatafuta laiki kwa kuponda wengine." Laiki nilizipata 2023. Hii naandika nikijua itanipunguzia kazi.

Kwa hivyo kwa jamaa wa miche 5,000, na kwa chuo chochote cha Lodwar au Kakuma kitakachotaka ukurasa wangu, masharti yangu ni haya:

Moja, kabla ya kununua mche hata mmoja, zungusheni miiba kwenye kila ewoi na kila edome iliyojiotea ndani ya ua wenu. Nipeni idadi.

Pili, katika kila shilingi 100 ya mchango, isizidi 10 ya kununua miche. Zile 90 ni za maji, ua na mtu.

Tatu, huyo mtu ajulikane, alipwe kila mwezi, na alipwe zaidi kadiri miti inavyokuwa hai. Wanafunzi wanaohangaika na karo wapo wengi. Mpeni mwanafunzi miti 20 yake, iwe ekwar yake.

Nne, tuhesabu hadharani baada ya miezi 12 na baada ya miezi 24, nikiwa na kamera ile ile. Pesa zisitoke zote siku ya kwanza.

Tano, hakuna fulana.

Wakikubali, nitafanya video bure, na nitawaomba mchango bila aibu, kwa sababu bado naamini shilingi 20 ya mtu wa Kakuma inaweza kuwa mti. Joto la hapa si la kuambiwa, tunalala nje. Mwanafunzi anayesomea chini ya bati saa nane mchana anajua kivuli si mapambo.

Kwa sasa, ile miche 11 imebaki 9. Miwili ilikatwa wakati wa kupanua jikoni. Nimeongea na yule mpishi na yule mzee, na kila mwezi natuma kitu kidogo kutoka mfukoni mwangu, si wenu. Kila mwisho wa mwezi nitaposti picha ya hiyo 9, ikiwa hai au ikiwa imekufa. Mmoja wao, ule ulio karibu kabisa na mlango wa jikoni, nimeuandika kwa jina la kijana wa Kakuma 2. Si pale langoni alipotaka, lakini uko hai. Akitaka kuja kuuona, nauli ni juu yangu.